Njia ya Hewa: Tarikhi ya Moto wa Mafuta katika Nyanda za Kasulu na Kibondo

Aulizwaye leo ni jambo gani lililoutenga moto wa wazee wetu na moto wa zama hizi hujibu upesi kwamba zilikuwapo kuni, yakaja mafuta, kisha ukaja umeme. Na jawabu hilo, ingawa halina uongo ndani yake, limeiacha nje nusu iliyo bora ya habari, kwa kuwa hakuna moto duniani unaoishi kwa chakula kimoja. Lita moja ya mafuta ya taa, ili iungue yote pasi na kuacha moshi wala masizi, huhitaji hewa ya kulijaza sanduku lenye zaidi ya mita mbili kwa urefu, kwa upana na kwa kimo; na kila fundi aliyeifanya taa au jiko au tanuri kuwa bora kuliko la jana yake, awe mhunzi wa Heru au mhandisi wa Stockholm, hakuwa na kazi nyingine ila kuitafutia hewa hiyo njia ya kuyafikia mafuta kwa kiasi chake na mahali pake. Kwa hiyo tarikhi ya moto wa mafuta katika nyanda za juu za Kigoma, hususan Kasulu na Kibondo, nitaieleza kwa kuifuata njia ya hewa, maana mafuta yalikuja na kuondoka pamoja na bei yake, lakini maarifa ya kuiongoza hewa yalikuwapo huku kabla ya mafuta, na yangalipo.

Nchi yenyewe ina hukumu yake juu ya moto. Atokaye Kigoma mjini, ambako uso wa Ziwa Tanganyika umekaa yapata mita 770 juu ya usawa wa bahari, hupanda mpaka akifika Kasulu amekwisha kuvuka mita 1,200, na Kibondo nayo iko katika nyanda hizo hizo. Na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko hewa ya Tanga au Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika nane. Maana yake ni kwamba taa au jiko lililopimwa na kusawazishwa katika kiwanda kilicho karibu na bahari, likiwashwa Kasulu, hupungukiwa na pumzi bila ya mkono wa mtu kuligusa, na mwako uliokuwa safi kule huelekea huku kuwa wa manjano wenye ncha ya moshi. Waha wa milki za zamani, Heru iliyokuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu iliyo Kakonko ya leo, hawakuwa na vyombo vya kupimia jambo hilo, lakini walikuwa na wahunzi, na mhunzi ni mtu aliyeishi kwa kuisoma rangi ya moto.

Chombo chake kilikuwa mvukuto: mitungi miwili ya mti iliyochongwa, kila mmoja umefunikwa ngozi laini iliyofungwa kwa ulegevu na kusimikwa kijiti, na mvukutaji akikipandisha kijiti hiki huku akikishusha kile, ili upepo usikatike, akiupeleka katika bomba la udongo ambalo mdomo wake uliingia katika makaa. Aliyezoea kazi hiyo alijua kwamba upepo mwingi huupoza moto na upepo haba huufisha, na kwamba baina ya hayo mawili kuna kiasi ambacho chuma hukitambua hata kama mtu hawezi kukitaja. Majirani walikuwa na njia zao: Wafipa, upande wa kusini, walijenga matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kutoka chini bila ya mvukuto; na huko Buhaya, kaskazini, mabaki ya matanuri ya Kemondo, yaliyotumika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, yaliwafanya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waandike mwaka 1978 katika jarida la Science kwamba mabomba ya mivukuto yaliingizwa mbali ndani ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla haijakutana na makaa. Wako waliowapinga, na mjadala ule haukwisha kwa siku moja. Mimi naona kwamba, hata tukiwapa wapinzani haki yao yote, haiondoki hoja kwamba watu wa Maziwa Makuu waliifikiri hewa kuwa ni malighafi ya kazi yao, sawa na mkaa na mawe ya chuma.

Uvinza, kusini mwa Kasulu, palikuwa na moto wa namna nyingine. Chemchemi za maji ya chumvi za bonde la Ruchugi zimekuwa zikichemshwa tangu kama karne ya tano au ya sita baada ya Masihi, na Richard Burton alipopita mwaka 1858 aliikuta chumvi hiyo ikiwa bidhaa ya kwenda mbali. Hata Wajerumani nao, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakaweka hapo kiwanda walichokiita Gottorp. Lakini chungu kilichochemshwa juu ya moto wa wazi, unaopigwa na upepo kila upande, kilikula kuni kwa pupa, na misitu ya miyombo ya pande zile ililipa gharama ya chumvi kwa muda mrefu.

Mafuta ya kwanza kuwaka katika nyanda hizi hayakutoka ardhini, yalitoka mtini. Michikichi ya Ujiji na ya bonde la Luiche ilitoa mawese, na mawese, fauka ya kuwa kitoweo na dawa ya ngozi, yaliwekwa katika kigae pamoja na utambi wa kitambaa au nyuzi yakatoa mwanga. Mwanga huo ulikuwa na aibu mbili. Ya kwanza ni kwamba mawese ni mazito, hayapandi katika utambi ila kwa kimo kidogo, hata moto hukaa karibu mno na uso wa mafuta na kukosa hewa upande wa chini. Na ya pili ni ya Kasulu na Kibondo zaidi kuliko Ujiji, nayo ni baridi ya usiku wa mwezi wa Juni na Julai, ambayo huyagandisha mawese yakawa kama samli, utambi ukabaki umesimama katika kitu kigumu usichoweza kukinywa. Ndiyo sababu mawese yalipandishwa milimani aghalabu kwa ajili ya chungu, na mwanga wa nyumba za nyanda za juu ukaendelea kuwa ule wa kuni za jikoni.

Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na kabla haijatimiza miaka mitatu vita vikawa vimeuchukua mji: Wabelgiji waliuteka mwezi wa Julai 1916, wakakaa katika nchi ya Waha mpaka 1921 walipowaachia Waingereza. Katikati ya tawala hizo tatu mafuta ya taa yalipata njia yake ya kudumu kupanda mlimani, yakiwa ndani ya madebe ya bati ya galoni nne, mawili katika kila kasha la ubao, kwanza juu ya vichwa vya wapagazi na baadaye juu ya malori, kwa kilomita karibu 90 mpaka Kasulu, na mwendo uzidio huo tena mpaka Kibondo. Debe likiisha mafuta halikutupwa. Liligeuka kuwa kipimo cha maharage na mahindi sokoni, chombo cha kuchotea maji, na bati la kuezekea. Na mikononi mwa fundi likawa taa.

Kibatari chastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndicho chombo cha kwanza cha kuchoma mafuta ambacho nyanda hizi zilijitengenezea zenyewe, na kimeangaza vitabu vingi kuliko chombo kingine chochote. Fundi alichukua kopo dogo, akakunja kipande cha bati kuwa mrija wenye unene wa kidole cha mtoto, akauchomelea katikati ya kifuniko kwa risasi, akapitisha utambi wa pamba uliosokotwa. Kisha akafanya jambo ambalo mtazamaji hulidharau: akatoboa tundu moja dogo kwa ncha ya msumari pembeni mwa kifuniko. Pasipo tundu hilo mafuta yanapopanda huacha utupu nyuma yake, utupu huyashika, na taa huzimika ingali imejaa. Hilo ni somo la hewa lililofundishwa sokoni bila ya ubao wala chaki. Dosari ya kibatari ilikuwa ni hewa hiyo hiyo upande wa juu, maana utambi mnene wa mviringo huipata kwenye ngozi yake tu, ilhali moyo wake unaungua kwa njaa, na mvuke usioungua hutoka kuwa masizi yanayopaka dari, matundu ya pua na mapafu. Ami Argand wa Geneva alikuwa ameutambua ugonjwa huo tangu 1780, akautengeneza utambi uwe na uwazi katikati, ili hewa ipite ndani na nje, kisha akauzungushia bomba la kuivuta hewa ipande kwa kasi. Na taa zote nzuri za mafuta zilizokuja baada yake ni watoto wa fikira hiyo.

Miongoni mwa watoto hao, aliyependwa zaidi Kasulu na Kibondo ni taa ya chemli, iliyokuja kwa majina ya Dietz ya Marekani na Feuerhand ya Ujerumani. Wengi waliibeba taa hiyo miaka nenda miaka rudi wakidhani kwamba yale mabomba mawili ya ubavuni ni mihimili ya kushikilia mkono wake. Kumbe ndiyo mapafu yake: John Irwin, Mmarekani, alibuni mwaka 1868 kwamba hewa iliyopata moto juu ya kioo irudishwe chini kwa mabomba hayo mpaka kwenye utambi, na baada ya miaka michache akaona ni afadhali mabomba yachukue hewa mbichi kutoka nje, isiyochanganyika na moshi, na mwanga ukazidi kuwa mweupe. Upepo ukivuma kutoka upande wowote hauna mlango wa kuingilia ila kwa njia hiyo iliyopimwa, na kwa hiyo mwendesha baiskeli, mkunga na mlinzi wa ng'ombe waliweza kwenda nayo katika mvua ya Novemba. Mabomba hayo yalipopondeka au kuziba kwa kutu na viota vya wadudu, taa ilitoa moshi, na mwenyewe akamlaumu mwenye duka kwa kumuuzia mafuta yaliyotiwa maji.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuacha utambi kabisa. Frans Wilhelm Lindqvist wa Uswidi alilitoa mwaka 1892 jiko la Primus, ambalo katika karne ya ishirini liliingia katika misheni, zahanati, nyumba za walimu na za makarani, na lilikuwa na adabu yake ya kuwashwa ambayo haikuvumilia haraka. Kwanza spiriti ilitiwa katika kisahani kilichozunguka shingo ya jiko na kuwashwa, mpaka mabomba ya shaba yakapata moto. Kisha pampu ikasukumwa, hewa ikayakandamiza mafuta katika tangi la chini, yakapanda, yakapita katika mabomba yenye moto yakageuka mvuke, na mvuke ukaruka kupitia kitundu chembamba kiasi cha kuhitaji sindano yake maalumu ya kukizibulia, ukivuta hewa ya pembeni kwa kasi ya mruko wake wenyewe. Hapo moto ulinguruma, ukawa wa buluu, na sufuria ikatoka haina doa jeusi. Taa ya karabai ilifuata hikima hiyo hiyo, nayo ndiyo iliyobadili uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika, ambako zamani wavuvi walikoka moto wa kuni kwenye ncha ya mtumbwi. Hata dagaa waliopanda kwa magunia kwenda kuuzwa Kasulu na Kibondo walikuwa nao ni matunda ya mwako huo.

Jiko la mchina, lililoenea baadaye na kwa bei ambayo Primus haikuwahi kuishukia, lilirudi kwenye tambi, lakini kwa akili mpya. Tambi zake nyingi nyembamba zimepangwa duara, na mwako wake hupanda baina ya mapipa mawili ya bati yaliyotobolewa mamia ya matundu madogo, ili hewa iingie kidogo kidogo kutoka chini hata juu, mvuke ukichanganyika nayo kwa daraja. Mwenye nyumba aliyekata tambi zake kwa usawa na kuyasafisha matundu kila wiki alipata moto wa buluu bila ya pampu wala spiriti; na aliyezembea alipata moshi, macho kuwasha, na chai yenye harufu ya taa.

Lakini chombo kilichoufanya moto wa mafuta kuwa jambo la uhai na mauti katika nyanda hizi hakikupika wala hakikuangaza. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na mtambo wa kuzunguka, ambamo moto mdogo huchemsha amonia iliyoyeyushwa katika maji, na amonia hiyo katika safari yake ya kupanda, kupoa na kurudi huliondolea sanduku joto lake; na kampuni ya Electrolux ikaieneza duniani. Tanzania ilipouanza mpango wake wa chanjo mwaka 1975, dawa za surua, pepopunda, dondakoo, kifaduro, kifua kikuu na kupooza zilihitaji kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, katika wilaya ambazo zahanati zake karibu zote hazikuwa na umeme. Friji ya mafuta ya taa ndiyo iliyozibeba.

Muuguzi aliyekabidhiwa friji hiyo alikabidhiwa moto. Chini nyuma yake palikuwa na tangi, utambi wa mviringo na kibomba, na kwa kuwa mwako ulijificha, friji nyingi ziliwekewa kioo kidogo cha kujitazamia, ambamo muuguzi aliinama asubuhi na jioni kuiangalia rangi. Buluu ilikuwa ni amani. Manjano ilikuwa ni onyo, kwa sababu moto wa manjano huzaa masizi, masizi huganda ndani ya bomba la moshi, bomba lililofunikwa masizi halipitishi joto kuifikia amonia, na friji, kinyume cha akili ya kawaida, hupata joto kwa sababu moto wake umekosa hewa. Hapo ilimpasa auzime, akate utambi sawasawa kwa makasi, aling'oe bomba na kulipitishia brashi, alirudishe, awashe upya na kushusha utambi hatua kwa hatua mpaka buluu irudi, huku akijua kwamba chupa zilizo ndani ni za watoto wa vijiji vyote vinavyomzunguka. Friji ikisimama upande, haikufanya kazi. Mafuta yakiwa machafu, haikufanya kazi. Lori la mafuta likikwama kwenye tope la masika, lita iliyohitajiwa karibu kila siku ilitafutwa kwa baiskeli. Nasema kwa yakini ya moyo kwamba hakuna fundi wa moto katika tarikhi ya Kigoma aliyestahili heshima kuliko wauguzi hao, na kwamba jina la kazi yao hiyo halijapata kuandikwa panapostahili.

Mafuta yenyewe hayakuwa na uvumilivu wa wauguzi. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwakusanya watu katika vijiji, na mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapaa duniani, ikapaa tena 1979, hata miaka ya mwanzo ya themanini mafuta ya taa yakawa ni bidhaa ya kupangiwa foleni. Katika bajeti ya 2011/12 serikali iliupandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachakachua katika dizeli. Sababu ilikuwa ya haki, kwa maana dizeli iliyochakachuliwa iliua injini. Lakini mzigo ulimwangukia mwenye kibatari, ambaye hakuwahi kuwa na injini. Taa ndogo za jua zilizoanza kufika madukani ndizo zilizomwokoa, nazo ziliuondoa moto wa mafuta nyumbani upesi kuliko reli ilivyouleta.

Mashine za dizeli ziliendelea kuunguruma katika miji ya Kasulu na Kibondo, nazo hazina utambi wala mwako wa kutazamwa: hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa na moto wa kutosha kuwasha mafuta yanayopulizwa ndani yake. Umeme wake ulikuwa wa gharama kubwa, na mwaka 2022, Kigoma ilipounganishwa na gridi ya taifa, mashine hizo zikazimwa.

Moto wa kuni haukuzimwa. Wakimbizi wa Burundi waliomiminika baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, Wakongo waliopokelewa katika kambi ya Nyarugusu tangu 1996, na Warundi tena tangu 2015, waliojaza Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, walipika kwa kuni za miyombo hiyo hiyo wanayoitegemea wenyeji, na ugomvi wa kuni ukawa ni ugomvi wa ujirani. Majiko banifu ya udongo yaliyofundishwa kambini na vijijini yana siri ile ile ya mabomba ya chemli: hewa iingie kwa chini, ipite katikati ya kuni, wala isiruhusiwe kuupiga moto kutoka pembeni. Mkakati wa taifa uliotolewa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na sehemu kubwa ya safari hiyo imebaki mbele ya watu wa nyanda hizi.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa vyuo vya ufundi na vya ualimu vya Kasulu na Kibondo, na kwa waganga wakuu wa wilaya. Katika maghala ya zahanati za zamani bado zimo friji za mafuta ya taa zilizostaafu, na katika nyumba za wazee zimo Primus, karabai na chemli zenye mabomba mazima, zote zikingoja mnunuzi wa chuma chakavu. Kabla hajafika, zichukuliwe. Wanafunzi wazifungue skrubu moja moja, wachore njia ya hewa ya kila chombo, wapime kwa kimo cha nchi yao wenyewe ni kiasi gani cha pumzi kinachopungua na ni tundu gani lipanuliwe. Kisha waende kwa wauguzi wastaafu, wangali hai na kumbukumbu zao hazijafifia, wawaulize moto wa buluu ulipatikanaje, na waandike jawabu kwa majina yao.